Lehemu Nayo Iwekewe Mipaka

Najua wengi wenu mkilifungua jarida hili hutafuta kwanza mashairi, chemshabongo na vituko vya bwenini. Leo naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nimekuja na jambo la karakana. Msikimbilie ukurasa wa vichekesho! Jambo lenyewe linahusu pesa za chama, jina la shule yetu na swali ambalo litapigiwa kura muhula ujao: je, Chama cha Sayansi kiache kabisa kutumia lehemu katika vielelezo vyake na badala yake kitumie gundi?

Mimi nasema la. Lehemu haina kosa. Kasoro ni kwamba sisi hufundishwa jinsi ya kuifanya ishike, lakini hatufundishwi jinsi ya kuizuia isishike mahali tusipoitaka. Kila mmoja wetu ameandika insha ya "Kinga ni bora kuliko tiba" angalau mara moja tangu shule ya msingi. Ajabu ni kwamba tukiingia karakanani methali hiyo tunaiacha mlangoni.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika kule nyuma ya maabara, hebu nieleze. Lehemu ni ule waya laini wa rangi ya fedha ambao fundi wa redio huuyeyusha kwa chuma chenye moto ili kuunganisha nyaya. Ile ya kawaida ya miaka mingi ni mchanganyiko wa bati na risasi. Ninaposema bati hapa nakusudia madini yenyewe, si mabati ya kuezekea nyumba. Mchanganyiko wenye bati sehemu 60 na risasi sehemu 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi, ambayo sasa ndiyo inayopendekezwa kwa ajili ya afya, huhitaji joto zaidi, kiasi cha nyuzi 217 hadi 227 kulingana na mchanganyiko wake. Sisi huitumia kuunganisha vipande vya mikebe na shaba tunapotengeneza vielelezo vya mashine.

Sasa, kisa cha kura hii mnakijua. Kundi lililotutangulia lilitengeneza kinu cha upepo cha kuvuta maji, kikiwa na mabawa 12 ya mkebe. Kilipendeza kweli. Siku ya wazazi ilipofika, feni iliwashwa mbele yake na watu wakasubiri. Mabawa yakatikisika, yakatulia. Feni ikaongezwa kasi. Wapi! Kumbe lehemu iliyokusudiwa kushikanisha kitovu cha mabawa na mhimili wake ilikuwa imepenya ndani ya bomba dogo ambamo mhimili huo ulipaswa kuzunguka. Vitu vitatu vikawa kitu kimoja. Wageni walicheka kwa adabu, lakini walicheka. Tangu siku hiyo baadhi ya wanachama wakaanza kusema, "Lehemu ni balaa, tununue gundi."

Nawaelewa. Lakini kabla ya kumfukuza mshtakiwa, haki inatudai tujue tabia yake.

Lehemu haishiki ovyo kama matope yanavyoshika viatu. Ina masharti matatu. Kwanza, uso wa chuma sharti uwe safi, usiwe na kutu, rangi wala mafuta. Pili, sharti pawe na dawa ya lehemu, ile ambayo mafundi wengine huiita flaksi. Kazi ya dawa hiyo ni kuondoa utando mwembamba wa oksidi ambao hujitanda juu ya chuma kikipata hewa na joto. Tatu, chuma chenyewe sharti kipate joto la kutosha kuyeyusha lehemu. Masharti hayo matatu yakikutana, lehemu hutiririka kama maji juu ya sahani iliyooshwa. Likikosekana moja tu, lehemu hujikunja na kuwa kitone cha duara, ikakataa kushika.

Basi jamani, jibu si lipo hapo? Mwalimu anapotufundisha kulehemu hutuambia tuyalete masharti yote matatu mahali pa kiungo. Sawa kabisa. Ila tukitaka lehemu isiguse sehemu fulani, tunahitaji kuondoa sharti moja tu mahali hapo. Chafua pale usipopataka, au zuia dawa isipafikie, au ondoa joto. Hiyo ndiyo siri yote, na haina uchawi wowote.

Tena vifaa vya kufanyia kazi hiyo havihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Viko madarasani mwetu hivi sasa. Chukua penseli. Kile cheusi kilichomo ndani yake ni grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti ni kaboni, kitu ambacho lehemu haikipendi hata kidogo. Ukipaka penseli laini, tuseme ile ya 2B, kwa kusugua mpaka chuma kiwe cheusi chenye kung'aa, lehemu ikifika ukingoni mwa weusi huo hurudi nyuma. Moshi wa koroboi au wa mshumaa hufanya kazi iyo hiyo, kwa kuwa masizi nayo ni kaboni.

Chukua pia chaki. Isage, changanya na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka kwa kijiti, acha ikauke. Lakini hapa wanakemia wawe macho. Chaki nyingine ni kaboneti ya kalsiamu, na dawa ya lehemu ikiwa ni ya asidi itaila chaki hiyo huku ikitoa povu, kama tunavyoona katika majaribio ya maabara. Jaribu kwanza tone moja pembeni. Ikitoa povu, tumia udongo laini wa mfinyanzi badala yake. Aidha, kuna ule wino mweupe wa kufutia makosa ya kalamu. Huo hushika vizuri na hukwaruzika kwa urahisi baadaye. Upake dirishani penye hewa, uache ukauke kabisa kabla ya kuleta moto karibu, na usiuvute puani. Mwingine una viyeyusho vinavyoweza kushika moto.

Kuhusu joto, kibanio cha kuanikia nguo kinaweza kuokoa kielelezo kizima. Tuseme umeshalehemu kiungo kimoja na unataka kulehemu kingine sentimita mbili kutoka hapo. Joto litasafiri kwenye shaba na kukiyeyusha kile cha kwanza. Lehemu yake itatiririka iendako na kipande chako kitaanguka. Funika kiungo cha kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kibane kwa kibanio cha mbao. Maji yatakunywa lile joto kabla halijafika. Nayo mbao haishikwi na lehemu, kwa hiyo kibanio hakitabaki pale milele.

Kuna na jambo la mkebe wenyewe ambalo wengi hawalijui. Mikebe mingi ya vyakula ni ya chuma kilichopakwa utando mwembamba wa bati ili kisishike kutu. Bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu. Kwa hivyo upande uliobaki na bati tupu huwa kama umeialika lehemu karamuni, nayo hutandaa kote kote. Ule upande wa nje wenye rangi na picha ni tofauti, kwa sababu rangi ni kizuizi ambacho kiwanda kimekupakia bure. Lakini sisi hufanyaje? Tukipata mkebe tunausugua wote kwa msasa mpaka ung'ae kama kioo, halafu tunashangaa kwa nini lehemu imekimbia hadi mwisho. Kwaruza pale tu unapotaka kiungo! Pengine pote acha rangi mpaka kazi iishe.

Mwanakamati mmoja aliniuliza, "Sasa haya yote ni ya nini? Si ni kupoteza wakati tu?" Nitamjibu kwa kutumia kazi iliyo mbele yetu mwaka huu.

Kama mjuavyo, chama kimeamua kutengeneza kielelezo cha injini ya mvuke ya aina ya Garratt, daraja la 59, zile zilizokuwa zikivuta magari ya mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Injini hizo zilikuwa 34. Zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, zikaletwa Afrika Mashariki miaka ya 1955 na 1956, na zikapewa majina ya milima ya eneo hili. Moja, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai, ipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, na yeyote anayetaka kuiona anaweza kwenda. Ukisimama kando yake unajihisi siafu. Uzito wake ulikuwa tani 250 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyopata kuwa na nguvu kuishinda.

Garratt ni injini ya ajabu. Boila yake hukaa katikati, ikabebwa na mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kila mtambo una magurudumu manane makubwa ya kusukuma. Jumla ni 16. Magurudumu hayo hushikanishwa kwa vyuma virefu ili yazunguke pamoja, na sisi chamani vyuma hivyo tumezoea kuviita mikono. Kila gurudumu lina pini inayopita katika tundu la mkono. Ili mkono usichomoke, huwekwa washa ndogo kwenye ncha ya pini, kisha washa hiyo hulehemiwa.

Hebu tazameni mtego ulivyo. Lehemu inatakiwa ishikanishe washa na pini. Haitakiwi kuugusa mkono, ambao uko nyuma tu ya washa, umbali wa unene wa karatasi. Na katika fizikia tumesoma kwamba kiowevu hupenda kupenya katika nafasi nyembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Lehemu iliyoyeyuka nayo ni kiowevu. Kwa hiyo ikiona ule upenyo mwembamba kati ya washa na mkono haitasubiri kukaribishwa. Itaingia. Na tuna pini 16. Ikipenya kwenye pini moja tu, upande mzima wa mtambo ule umekwama. Pini 15 zilizofanywa vizuri hazitasaidia kitu.

Dawa yake ni rahisi hata inachekesha. Kata kipande cha karatasi nyembamba, kitoboe tundu dogo, kitie tone moja la mafuta ya cherehani. Kipitishe kwenye pini mpaka kilale juu ya mkono. Weka washa juu yake. Gusa ncha ya pini na washa kwa chuma cha moto kwa sekunde mbili tatu, lehemu kidogo tu, kisha ondoa. Karatasi itabadilika rangi kidogo lakini haitawaka kwa muda mfupi kama huo. Lehemu haishiki karatasi, na mafuta yanaizuia dawa isifike kwenye mkono. Kikishapoa, chana karatasi uitoe. Umeona? Lehemu imebaki mahali pake, na karatasi imekuachia nafasi ya unene wake, ile ile ambayo mkono unaihitaji ili uzunguke bila kukwaruzana. Karatasi imefanya kazi mbili kwa mpigo.

Tukubaliane kwamba kufanya hivyo mara 16 kutatuchukua labda alasiri moja. Kung'oa pini 16 zilizokwama kutatuchukua nusu muhula, na mikono mingine itapindika.

Najua kuna hoja dhidi yangu, na si vizuri nizikwepe.

Hoja ya kwanza ni ya wale wenye majivuno kidogo. Wao husema, "Fundi hodari hahitaji kupaka chochote. Lehemu yake haizagai." Hoja hii ina chembe ya ukweli. Fundi mzuri hutumia lehemu kidogo, ncha ya chuma chake ni safi, na hajui pupa. Hayo sharti tujifunze. Lakini kusema kwamba kizuizi ni cha wasiojua kazi ni kutojua historia ya kazi yenyewe. Huko Uingereza, zamani mabomba ya maji yalipokuwa ya risasi, mafundi wa mabomba waliheshimiwa sana kwa viungo vyao vya lehemu, ambavyo walivifinyanga kwa kitambaa vikatoka laini kama yai. Watu hao, kabla ya kumwaga lehemu, walilipaka bomba rangi nyeusi ya masizi, gundi na chokaa. Halafu walikwangua kwa kisu ile sehemu tu waliyotaka lehemu ishike. Ndiyo maana kingo za viungo vyao zilikuwa zimenyooka. Hao walikuwa mabingwa, wala hawakuona haya kupaka!

Na kama mtu atasema hayo ni ya kale, na atafute redio au simu iliyoharibika aifungue. Ndani ataona kibao cha kijani kilichojaa vijisehemu. Ile rangi ya kijani haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ni utando wa kuzuia lehemu. Kiwanda hufunika shaba yote ya kibao kile na kuacha wazi vijidoa tu ambapo miguu ya vijisehemu italehemiwa. Bila utando huo, lehemu ingeruka kutoka njia moja hadi nyingine na redio ingekufa kabla ya kuzaliwa. Ikiwa kiwanda chenye mashine za mamilioni hufunika kabla ya kulehemu, mimi na wewe wenye chuma kimoja cha kulehemia kwa wanafunzi ishirini ni akina nani tujione hatuhitaji?

Hoja ya pili husema, "Ikizagaa si tutaifuta? Tupa zipo, msasa upo." Ndugu zangu, hapa ndipo ninapolazimika kuikumbuka ile methali ya ufa na ukuta. Lehemu ikishashika shaba haikai juu tu kama rangi ya ukutani. Bati huungana na shaba pale zinapokutana na kufanya utando mpya mwembamba. Ukiifuta lehemu ikiwa bado ya moto, utando ule hubaki, na mahali pale sasa pamekuwa rahisi zaidi kushikwa mara ya pili kuliko mwanzo. Ukitaka kuuondoa sharti ukwangue shaba yenyewe. Kwenye mkono wa injini wenye upana wa milimita tatu, utakwangua nini ubakishe nini? Zaidi ya hayo, kupiga tupa lehemu yenye risasi hutoa unga unaoshika vidoleni na mezani, na risasi ni sumu. Mwanafunzi atoke pale aende moja kwa moja bwalo la chakula akale ugali kwa mkono! Iwe tunafunika au hatufuniki, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kulehemu ni lazima.

Hoja ya tatu ndiyo ile ya kura: gundi. Wanaoipenda husema haina moto, haiunguzi vidole, na inauzwa dukani pale nje ya lango. Yote ni kweli, na kwa mbao, karatasi na plastiki mimi mwenyewe nitaipigia kura. Lakini kwa chuma kinachozunguka, nauliza: ile gundi ya maji maji inayokauka haraka haipenyi kwenye nafasi nyembamba? Hupenya, tena kwa hiari zaidi kuliko lehemu, na bila kuhitaji joto. Kinu kile cha upepo kingeweza kukwama kwa gundi vile vile. Tofauti ni kwamba lehemu ukikosea unaweza kuipasha moto ikayeyuka, ukatenganisha vipande na kuanza upya. Gundi ikishakauka ndani ya tundu, mara nyingi ni kuvunja. Isitoshe, viungo vyembamba vya gundi hiyo haviwezi mishtuko. Kielelezo kikianguka mara moja kutoka mezani, mtaokota vipande. Kubadilisha kitu bila kubadilisha mazoea ni kumhamisha mgonjwa kitanda huku homa ikibaki.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote. Wengi wetu tukimaliza shule hatutaenda moja kwa moja chuo kikuu. Wengine tutaingia vyuo vya ufundi, wengine tutafungua vibanda vya kurekebisha simu na redio, wengine tutafanya kazi za jua kali. Huko lehemu inatungoja. Chama kikiiondoa leo kwa sababu ya aibu ya siku moja, kitakuwa kimetunyima ujuzi ambao tungeupata bure tungali shuleni, penye mwalimu wa kutuonya. Je, ni heri kinu kikwame mbele ya wazazi wanaotupenda, au simu ya mteja iharibike mikononi mwako siku ya kwanza ya kazi?

Kwa hiyo, nikiwa mwanachama wa vyama vyote viwili, naleta mapendekezo manne ili wenzangu wayapime kabla ya kura.

Kwanza, kila mchoro wa kielelezo uwe na alama za aina mbili: buluu mahali lehemu inapotakiwa na nyekundu mahali isipotakiwa. Kwa sasa michoro yetu huonyesha viungo tu. Mtu asipofikiria sehemu nyekundu kabla ya kuwasha chuma, hatazifikiria wakati moshi unamwingia machoni.

Pili, karakana iwe na kasha la vizuizi: penseli laini mbili, chaki, udongo kidogo, karatasi nyembamba, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, vitambaa na vibanio vya nguo. Gharama yake yote haifikii ya kuunda upya kielelezo kimoja kilichoharibika.

Tatu, utaratibu ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa: safisha, weka alama, funika, tia dawa, lehemu, osha. Mpangilio huo usigeuzwe. Anayetia dawa kwanza halafu akafunika atakuwa amechelewa, kwa maana dawa imeshaenea. Na anayemwaga mafuta ovyo yatafika kwenye kiungo chenyewe, naye atalalamika kwamba lehemu imekataa kushika. Tone moja linatosha.

Nne, nawaomba walimu wetu wapendwa, mnapotukadiria kazi zetu mtoe alama pia kwa maandalizi, si kwa kiungo kinachong'aa pekee. Mwanafunzi hufuata alama zilipo. Mkikipa kizuizi alama mbili tu kati ya kumi, nawahakikishia hakuna atakayesahau kufunika.

Walimu wa Kiswahili nao huenda wakauliza haya yote yanahusianaje na chama chetu. Yanahusiana sana. Tunasema kila mwaka, katika hotuba na mijadala, kwamba Kiswahili kinaweza kueleza sayansi na ufundi. Basi na kieleze! Tukiendelea kukitumia kwa mashairi ya mapenzi na maombolezo peke yake, tutakuwa tunakipiga kofi huku tukikisifu.

Wenzangu, lehemu ni kama mgeni mwenye nguvu na asiye na adabu za nyumbani. Ukimwachia milango yote wazi ataingia hata jikoni. Funga milango isiyomhusu, mwachie mmoja, nawe utafurahia msaada wake. Siku ya kura, kabla hujainua mkono, nenda karakanani, chukua kipande cha mkebe, sugua penseli katikati, kisha jaribu kulehemu juu yake. Utaona kwa macho yako lehemu ikifika kwenye mstari na kusimama. Halafu njoo upige kura.

Pini zetu 16 zimo kwenye kijaluba zinangoja uamuzi wenu. Mimi nimesema yangu. Uwanja sasa ni wenu.